Mpira Nyuma ya Gurudumu

Jiwe lililomtoa Starlin jicho lilikuwa dogo, la kuweza kukaa ndani ya kizibo cha soda. Lilirushwa na gurudumu la nyuma la pikapu ya shemeji yake Melido, katika ule mteremko wa kokoto unaoshuka kutoka La Cidra kwenda Bonao, Jumamosi asubuhi, Starlin akiwa nyuma yake kwa pikipiki. Pikapu ilikuwa imejaa tayota, yale maboga madogo ya kijani yanayolimwa na kila mtu katika milima ile, na Melido hakusikia kitu. Alifika sokoni, akapakua, akanywa kahawa, akapiga soga. Habari zilimkuta pale pale kwenye ngazi za soko, zikiletwa na mtu ambaye hakujua anamwambia nani: kinyozi wa La Cidra kapasuka jicho, kuna mwendawazimu mmoja anaendesha gari bila madigadi.

Madigadi yalikuwapo hapo awali. Nyuma ya kila gurudumu palikuwa na kipande cha mpira kinachoning'inia kuzuia matope na mawe, kama gari la mtu yeyote mwenye adabu barabarani. Cha kushoto kilichomoka msimu wa mvua, na Zunilda, mkewe Melido, alimwambia: mume wangu, weka ule mpira. Akamwambia tena siku nguo zake za kanisani zilipochafuka. Melido alikuwa akimjibu vilevile kila mara, bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu mwenye mambo mengi: "Kipande cha mpira tu hicho, Zunilda. Gari linakwenda."

Starlin alikuwa mdogo wake Zunilda wa mwisho. Baba yao alipofariki, kijana alikulia nyumbani kwa dada yake, akala sahani moja na Melido, na pikipiki alifundishwa na Melido.

Siku aliyorudishwa kutoka hospitali ya mji mkuu, Santo Domingo, Zunilda alishinda kwa mama yao, Casimira. Jioni aliporudi kwake alimkuta mumewe amelala chali chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Karudi," alisema.

Miguu haikusogea.

"Melido. Starlin karudi. Wamelitoa lote. Waliona wakiliacha litaharibu na la pili."

"Nimesikia."

"Mama anakuulizia."

"Anauliza nini?"

"Anauliza uko wapi. Hana neno jingine. Kasema, mimi sitaki kitu kwake, aje tu akae na mwenzake, anywe kahawa."

Chini ya gari nyundo iligonga mara kadhaa, ikanyamaza. "Unaliona hili bati? Limeoza. Bati likioza boliti haishiki. Ndiyo maana mpira ulichomoka."

"Mimi nakwambia habari za jicho, wewe unaniambia habari za boliti?"

Melido alijiburuta akatoka, uso umejaa kutu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye masharubu yaliyoanza mvi, na macho yake hayakupanda juu ya magoti ya mkewe.

"Nitakwenda. Nani kasema siendi? Lakini nitaliegesha vipi gari hili mlangoni kwao, hivi lilivyo? Mama yako atoke nje alione vile vile kama siku ile? Niache kwanza niweke madigadi. Niweke ya maana, yasiyotoka tena. Halafu nitakwenda."

Zunilda aliona kama yana maana maneno yale. Alimsongea ndizi, akamkaangia salami na jibini, akamwekea mezani. Alipopita baadaye kuchukua sahani, alimkuta ameketi na ule mpira wa kulia mikononi, aliokuwa ameufungua, anaukunja na kuukunjua.

*

Madigadi ya kwanza aliyanunua kwa mchuuzi wa barabara kuu. Yalikuwa ya plastiki, mekundu, yana picha ya farasi anayeruka. Zunilda hakuyapenda, ila kitu kilikuwa kimewekwa, sasa watakwenda kwa mama.

Asubuhi iliyofuata walipita dukani kwa Confesor kuchukua unga na mafuta. Wanaume walikuwa wameketi barazani wakicheza dhumna, redio inalia mambo ya mapenzi, na kama kawaida kila mmoja alikuwa fundi wa gari la mwenzake. Melido alirudi nyuma kidogo ili ageuze. Gurudumu lilipanda ukingo wa baraza, likaikanyaga ile plastiki, likaibana kwenye saruji. Ikalia paa! kama sahani inayovunjika.

"Melido!" mmoja alipaza sauti. "Umedondosha biskuti!"

Wakacheka wote. Melido alishuka akaokota vipande kimoja kimoja, kichwa cha farasi huku, miguu kule. Alikuwa akitabasamu, kwa kuwa ndivyo mtu anavyofanya barazani.

"Mwacheni," akasema mwingine, mzee mwenye kofia ya majani, bila kuinua uso kwenye dhumna zake. "Safari hii asije akang'oa meno ya mtu."

Hakuna aliyecheka. Redio ikaendelea. Confesor alitoka na mfuko wa unga akaukabidhi kwa Zunilda dirishani, akamwambia taratibu, "Samahani, mama," na ile samahani ikamuuma kuliko maneno ya yule mzee.

Njiani Melido alisema, "Plastiki haifai. Jua linaikausha. Nilijua tangu mwanzo."

"Basi tupite kwa mama sasa. Tuko karibu."

"Na hivi vipande?"

"Vitupe."

Alipunguza mwendo walipofika kwenye njia ya kwa Casimira, na Zunilda akakamata kitasa cha mlango. Kisha gari likaongeza mwendo.

*

Kinyozi hukaa karibu sana na uso wa mtu. Zunilda hakuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka alipokwenda kumwona mdogo wake siku aliyofungua tena kibanda chake.

Kibanda kilikuwa ubavuni mwa nyumba ya mama yao, mabati juu, kioo ukutani, na katikati kile kiti cha chuma na ngozi nyekundu chenye kupanda na kushuka kwa mguu. Starlin alikinunua kwa kinyozi mzee wa mjini aliyeacha kazi, na walikileta kwenye pikapu ya Melido, nusu ya kijiji ikishangilia kama kinapita kiti cha askofu. Starlin alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kisafi upande wa kushoto. Alifagia sakafu isiyokuwa na nywele.

"Karibu, dada. Unataka nikunyoe kipara?"

"Nikunyoe wewe hizo ndevu. Umekula?"

"Mama kanilisha kama nguruwe wako." Alicheka. Alichukua chupa ya spiriti ili asafishe wembe, akamimina, na spiriti ikaanguka pembeni ya kitambaa, ikatiririka mezani. Alisogeza mkono, akajaribu tena. Zunilda alitazama pembeni, kwenye picha ya Bikira iliyobandikwa juu ya kioo.

"Nazoea," Starlin alisema. "Daktari kasema ubongo unajifunza umbali upya. Ngazi ndizo zinanisumbua. Na kumimina."

Confesor alikuja akiwa na kitambaa begani, mtu mwema, amekuja makusudi. Aliketi kwenye kiti kwa kishindo cha furaha ya kujilazimisha. "Haya, bwana! Nipendezeshe, Jumapili nina ubatizo."

Mashine ilikwenda vizuri kisogoni. Starlin aliongea, alitania, mwili wake ukarudi katika ile ngoma ya vinyozi ya kuzunguka na kuinama. Kisha alichukua wembe kunyoosha mstari juu ya sikio. Aliusogeza, akasita, akausogeza. Kwenye kioo Zunilda aliona macho ya Confesor yakiufuata ule wembe, na mikono yake ikikaza kwenye kiti. Starlin naye aliona. Jicho moja lilitosha kabisa kuona hilo.

"Unajua nini," Confesor alisema, "acha hivyo hivyo. Mke wangu anapenda isiwe kali sana."

"Sijamaliza upande huu."

"Inatosha, mwanangu. Imependeza."

Aliacha malipo zaidi ya kawaida, akatoka akiwa na upande mmoja umenyooka na mwingine haujanyooka, na alipofika nje aliweka kofia. Hakuja mtu mwingine. Vijana wawili walipita na pikipiki, mmoja akapaza sauti kwa mapenzi tu, kama wanavyopeana majina kule: "Taa Moja! Mambo vipi, Taa Moja!"

"Poa!" Starlin alijibu, akainua mkono.

Alifunga wembe. Alimuuliza dada yake, kama anauliza hali ya hewa, "Shemeji mzima?"

"Mzima. Anatafuta madigadi."

"Bado?"

"Anataka yasiyotoka."

Starlin alitikisa kichwa polepole. "Mwambie hata bila hayo aje. Mimi sina kinyongo. Lakini aje, dada. Nikimwona mtu kila siku anapita na gari bila kusimama, hicho kinyongo kitakuja chenyewe."

Mama yao aliingia na kahawa. Alikuwa amesikia. "Daktari anasema lipo jicho la kuweka," alisema. "La kioo. Linatengenezwa rangi ile ile, mtu hajui. Mteja akikaa hapa akaona macho mawili, haogopi."

"Sitaona na hilo, mama," Starlin alisema.

"Si la kuona. Ni la kuonekana."

Zunilda alishika kikombe chake kidogo kwa mikono miwili. "Nitamuuza nguruwe," alisema. "Ameshanona. Hilo jicho niachie mimi, mama."

Casimira alimbariki kwa kumgusa kichwa, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ile.

*

Zunilda na mumewe walishuka Bonao pamoja Alhamisi kuulizia jicho la Starlin, kwa kuwa Alhamisi ndiyo siku fundi wa macho ya kioo anapokuja kutoka mji mkuu, kwenye duka la miwani karibu na kanisa. Zunilda alivaa gauni lake la bluu. Walikuwa wapite kwanza kwenye duka la spea, mara moja tu, Melido alisema, ni njiani.

Kijana aliyesimama nyuma ya kaunta alikuwa na shati lenye kola na simu iliyokuwa ikiwaka waka. Alileta madigadi ya mpira mweusi, laini. Melido aliyashika akayakunja, akayanusa, akayainua juu ya mwanga.

"Haya ni membamba. Gari likishika kasi yanaruka juu, yanakuwa kama sketi. Una mazito?"

Kijana alileta mengine. Melido aliuliza kama ndani yana nyuzi. Aliuliza kama yakining'inia karibu na ardhi hayatakanyagwa wakati wa kurudi nyuma, na yakikatwa mafupi kama hayatapitisha jiwe. Alitaka kujua hizo boliti ni za chuma gani, na kama ni vizuri kuweka ukanda wa bati ili boliti isichane mpira. Nyuma yake watu walikuwa wamejipanga, mmoja ameshika betri mikononi.

"Bwana, wewe unataka nini hasa?"

"Nataka yatakayodumu. Haya yatakaa miaka mingapi?"

Kijana alitazama nje kupitia mlangoni, akaiona pikapu, bodi lake lililoliwa na kutu, mlango mmoja wa rangi nyingine. "Kwani gari lenyewe litakaa miaka mingapi?"

Duka zima lilicheka. Hata mwenye betri alicheka, ikabidi aiweke chini. Melido alisimama na mpira mkononi, akasema, "Hujui wewe. Jiwe dogo tu. Hujui," na sauti yake ikapanda mahali ambapo hakuna aliyeitarajia, hadi kicheko kikakatika na watu wakamtazama kama wanavyomtazama mlevi. Zunilda alimshika kiwiko akamtoa nje.

"Twende kwa fundi wa macho."

"Kuna mtu anaitwa Tirso," Melido alisema. "Anaziba matairi karibu na mto. Anao mpira wa mgodini."

"Melido, saa inakwenda."

"Ni hapo tu."

Tirso alikuwa mtu mnene aliyeketi juu ya tairi kama kwenye kochi. Alikuwa na kipande cha ule mkanda mpana unaobeba mawe ndani ya mgodi, alichokipata kwa njia zake wakati mgodi uliposimama. Alikitupa miguuni pao na ardhi ikatikisika. Unene wake ulikuwa wa kidole gumba. Palipokatwa palionyesha tabaka za kitambaa kigumu katikati ya mpira. Melido alipiga magoti. Alijaribu kukikunja, kikakataa.

"Huo umebeba milima, baba," Tirso alisema. "Utashindwa na kokoto zenu?"

"Unakatika?"

"Kwa msumeno na maji ya sabuni, na jasho. Nakukatia, nakutobolea, nakuwekea ukanda wa chuma juu na mnyororo wa kuvutia ukirudi nyuma. Wewe na hayo madigadi mtazikwa pamoja."

Melido alicheka. Zunilda hakuwa amemsikia akicheka tangu siku ile. Walianza kupima: kutoka ardhini kiasi gani, kwenda pembeni kiasi gani, gari likiwa na mzigo, likiwa tupu. Tirso alipotaja bei yake, Melido alipitisha kidole kwenye ukingo wa mpira, na Tirso, aliyeona magoti yale yamepigwa chini, hakupunguza.

Walipofika duka la miwani mlango ulikuwa umefungwa. Binti aliyekuwa akifagia ngazi aliwaambia fundi ameondoka, atarudi wiki ijayo, Mwenyezi Mungu akipenda, maana kuna wiki haji wala hatoi taarifa.

"Wiki ijayo basi," Melido alisema. Alikuwa anaandika vipimo kwenye kiganja chake kwa kalamu aliyoazima kwa yule binti.

*

Zunilda alijua kabla hajafika bandani. Nguruwe yule alikuwa na kawaida ya kulia akisikia ndoo. Alisimama na ndoo ya maganda ya muhogo, akaita, halafu akaacha kuita.

Melido alikuwa uani, na pikapu ilikuwa imenyanyuliwa nyuma kwa jeki. Madigadi mawili meusi, mapana, yalining'inia nyuma ya magurudumu yakiwa yametulia kabisa. Ukanda wa chuma ulikuwa umepakwa rangi ya fedha. Kila boliti ilikuwa na nati mbili.

"Yuko wapi?"

"Tirso alikuja na gari lake asubuhi. Nilikuwa nataka kukwambia—"

"Nguruwe wangu yuko wapi, Melido?"

"Angemnunua nani kwa bei nzuri hivi? Tumebadilishana. Huwezi kupata mpira huu popote. Njoo uone. Gusa."

Ndoo ilimdondoka. Alikuwa mwanamke asiyejua kupiga kelele. Alipokasirika sauti yake ilishuka. "Nilimwambia mama yangu. Nilimwambia mbele ya Starlin. Yule mnyama nimemlea kwa mkono, alikuwa jicho la ndugu yangu, na wewe umeenda kumfunga nyuma ya gari."

"Jicho la kioo haliponyi kitu," Melido alisema. "Wewe mwenyewe uliniambia, hataona na hilo. Lakini haya... Zunilda, haya yanazuia. Haitatokea tena. Kwa mtu yeyote. Huelewi? Haitatokea tena."

"Imeshatokea!"

Alikaa chini, pale pale kwenye maganda. Melido alisimama mbele yake na spana mkononi, akainama kama anayetaka kumwinua, kisha akaona nati moja haijakaza sawasawa, na mkono wake ukaenda huko.

*

Alikwenda kwa mama mkwe wake Jumapili, baada ya misa, kama alivyoahidi. Zunilda alipanda naye. Walipofika Melido hakuegesha mbele ya nyumba kama watu. Aligeuza gari, akarudi nyuma polepole mpaka mkia wa pikapu ukawa karibu kugusa ngazi, madigadi yakitazama mlango.

Casimira alitoka akijipangusa mikono.

"Naomba baraka, mama," Melido alisema.

Bibi kizee alimaliza kwanza kupangusa mikono. "Mungu akubariki," akasema, kama mtu anayerudisha chenji.

Starlin alitoka nyuma yake. Alikuwa amekonda. Alimtazama shemeji yake kwa muda, jicho lake moja limejaa kitu ambacho Zunilda alikitambua tangu utoto: ndivyo alivyokuwa akisubiri mtu amfungulie zawadi. Melido alifungua kinywa. Kila mtu pale, hata Casimira, alitulia asikie.

"Njoo uone," Melido alisema. "Njoo uyaone haya."

Starlin alishuka ngazi kwa uangalifu, akachuchumaa nyuma ya gurudumu. Mara ya kwanza mkono wake ulishika hewa. Mara ya pili uliupata mpira, akauvuta.

"Mazito."

"Mkanda wa mgodini! Una kitambaa ndani, tabaka kwa tabaka. Na hapa nimeweka nati mbili mbili, moja inaizuia nyingine. Mnyororo huu nikirudi nyuma nauvuta, yanajikunja, gurudumu haliyakanyagi. Jiwe likija, hata liwe kama ngumi, linaishia hapa. Halipiti."

Starlin alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea kusikiliza wateja. "Umefanya kazi nzuri, shemeji," alisema. Alinyanyuka, na kile kitu kilikuwa kimeondoka usoni mwake. "Sasa kwa kuwa umekuja na gari, nisaidie mzigo mmoja. Nilikuwa nitafute mtu kesho."

Ulikuwa ni kile kiti. Kuna mtu Bonao anafungua saluni kubwa yenye vioo pande zote, ameshakubali kukichukua. Zunilda alimgeukia mama yake. Mama yake alitazama chini. Walikibeba watatu. Melido alishika upande mzito na kutoa maagizo: inua, taratibu, kamba hii pitisha chini, fundo liwe huku. Kuhusu kamba alikuwa na maneno mengi. Casimira alisimama mlangoni hadi kiti kilipofungwa kikakaza, kisha akaingia ndani na kufunga dirisha la kibanda.

Starlin alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma, akaketi sakafuni akiegemea miguu ya chuma ya kiti, mfuko wa nguo mapajani. Zunilda akapanda akaketi naye. Pikapu ikaanza kushuka mteremko, na hapo chini yao ikaanza ile sauti: to, to-to, to. Kila jiwe lililorushwa lilipiga mpira likaanguka. Hakukuwa na hata moja lililopita. Zunilda aliziba masikio, halafu akaona haya, akaondoa mikono.

Pikipiki moja iliwafuata kwa karibu, kijana na msichana wake nyuma, wamevaa nguo za Jumapili. Starlin aliinua mkono, akafanya ishara ya kumsukuma: kaa mbali, kaa mbali. Kijana alidhani anasalimiwa. Naye akapunga, akacheka, akazidi kusogea.

*

Mwenye saluni alikikagua kiti, akakipandisha na kukishusha, akamwomba Starlin aketi ili aone kinavyobeba mtu. Starlin aliketi. Alizungushwa mara moja mbele ya vile vioo vingi, akashuka. Hapo ndipo alipomwambia dada yake kwamba harudi. Kuna binamu yao kwenye soko la mji mkuu, anapakia magunia ya ndizi. Kazi hiyo mtu anaweza kuifanya hata amefumba macho, alisema, akijaribu kufanya utani.

"Na jicho?" Zunilda alisema. "Nitapata nguruwe mwingine. Nitapata, Starlin."

"Najua, dada. Naomba baraka."

"Mungu akubariki. Mungu akubariki, mwanangu."

Tangu akiwa mtoto alikuwa akimwomba Melido baraka baada ya kumwomba dada yake. Safari hii alimpa mkono. "Endesha salama, shemeji," alisema, akavuka barabara kwenda kituo cha basi, akigeuza kichwa chote kushoto ili aone kama gari linakuja.

Walirudi pikapu ikiwa tupu, kwa hiyo mawe yalisikika zaidi. Walivuka daraja la mto. Kisha Melido alisema, "Unasikia?"

"Nasikia."

"Yanapiga, hayapiti."

Zunilda alisubiri. Barabara ya La Cidra ni ndefu na ina kona nyingi, na katika kila kona aliona kama sasa atasema, maana midomo ya Melido ilikuwa ikicheza chini ya masharubu. Walipita kwa Confesor, ambako watu wa dhumna waliinua mikono. Wakapita mahali penyewe jicho lilipopotea, penye jiwe kubwa jeupe, na Melido akapunguza mwendo kiasi cha mtu kutembea, kama anayepita mbele ya jeneza. Kisha akakanyaga mafuta.

Uani alizima gari, akashuka na kitambaa, akapiga magoti kwenye udongo nyuma ya gurudumu la kushoto, akaanza kufuta matope kwenye mpira, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Zunilda aliingia ndani akatoka na mto wake, shuka, na gauni la bluu begani.

"Nakwenda kwa mama. Amebaki peke yake."

Melido hakuinua kichwa. "Haya," alisema. Alifika kwenye boliti, akaipangusa kwa ncha ya kitambaa, akaijaribu kwa kidole. "Mwambie yameshika."